Maji ya Chupa ya Pili

Buganguzi, Muleba
14 Novemba 1993

Mjukuu wangu Anatolia,

Nani alikufundisha kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kushindwa? Si mimi, na marehemu mama yako hakuwa na tabia hiyo. Kurasa tano umejaza kilio, na kwenye ya sita unaniuliza kama kibanjani bado kuna nafasi ya mtu kupanda kahawa. Nafasi ipo, lakini nimeshapanda maharage, nayo hayajawahi kuniandikia barua ya kulia. Mwaka wa vita, watu wa Kyaka walipopita hapa barabarani na magodoro kichwani, mimi nilikuwa naanika kahawa. Mjomba wako Buberwa akanipigia kelele tukimbie, nikamwambia kahawa ikikauka tutakimbia. Ikakauka, nikaiuza, na kufikia hapo hakukuwa tena na haja ya kukimbia. Wewe kahawa yako huko Ujerumani haijapata hata nusu ya jua, unataka kuianua kwa sababu mtu mmoja amekukunjia uso.

Haya, lililonikaba limetoka. Sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo, mwana wange? Unalala usingizi? Unakula chakula au bado unakula mkate baridi umesimama kama punda? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linauma kila mvua ikikaribia, na kwa kuwa vuli imeshika, linauma kila siku. Watoto wa marehemu mjomba wako, ndugu yake Buberwa, ninaoishi nao wanakua. Datius ameingia darasa la tano na anajiona waziri. Klaudia anatimiza miaka sita na ameng'oka meno mawili ya mbele, anacheka na kila mtu ili ayaonyeshe mapengo. Senene walishuka wiki iliyopita, tukawakamata mpaka tukachoka, nimekukaangia kopo moja. Likifika limefunguliwa ujue ni watu wa posta.

Barua yako ilifika kwenye sanduku la Jashoda pale Miembeni, kama zote. Alituma habari kwa dereva kwamba ipo na ni nene, nikapanda gari Jumanne. Unamfahamu Jashoda, duka lake bado lipo, ingawa ndugu zake wote wamehamia Dar es Salaam na Uingereza. Wanamwandikia kila mwezi wakimuuliza anangoja nini Bukoba. Aliniambia amewajibu kwamba anangoja mimi nimalize kupatana bei ya shuka moja, kazi niliyoianza mwaka sabini na tatu. Nikamwambia shuka yenyewe ina toboo.

Nilisoma barua yako mwenyewe, palepale dukani, polepole, kwa kidole. Darasa la tatu la mission si chuo kikuu lakini herufi ni zilezile. Ulipoeleza tena habari za vijidudu vyako vya maji ya moto nilifurahi, maana safari hii nimeelewa mpaka mwisho, na nitakuonyesha kwamba nimeelewa ili usije ukasema bibi yako anajibu asichokijua.

Umesema ndani ya kila kiumbe kuna uzi mrefu, DNA, na kwenye uzi huo ndiko maagizo yote yameandikwa, jinsi ya kula, jinsi ya kukua, jinsi ya kuzaa. Umesema uzi huo kwa kawaida ni nyuzi mbili zilizosokotana, na ukiutia kwenye moto mkali zinaachana, maagizo yanapotea, kiumbe kinakufa. Kumbe vijidudu vyako havifi. Vina mfanyakazi ambaye kazi yake ni moja tu, kuuzidisha uzi msokoto, kuubana zaidi ya kawaida ili moto usiufumue. Hilo halihitaji Ujerumani. Kamba ya mgomba niliyoisokota mimi inafunga ng'ombe miaka miwili, ya Buberwa inafumuka kwenye umande. Kisha umesema kuna protini ndogondogo zinazoukumbatia uzi na kuukunja, kama mtu anayekunja nguo anazozipenda.

Hata hivyo moto unapenya. Unaharibu herufi moja huku, nyingine kule. Hapo wanapita wakaguzi. Mmoja akiona herufi imeoza anaikata, mwingine anaweka nzima, wa tatu anashona. Na uzi ukikatika kabisa, vipande vipande, hawakai chini kulia, sikia hilo neno. Kila kijidudu kina nakala zaidi ya moja ya uzi wake. Wanalaza kipande kilichokatika kando ya nakala nzima, wanafuata mpangilio, wanajaza palipokosekana. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, Jashoda akageuka. Panya akitafuna mkeka wangu wa maua, mimi nafanya nini? Natandika pacha wake kando, nahesabu, mbili nyeusi, moja nyeupe, tatu nyekundu, naziba. Kanisa limekulipia nauli ya ndege ukajifunze kuziba mkeka. Lakini umesema chako ndicho kinachoziba haraka kuliko vyote vilivyojulikana kwenye chumba chenu cha maabara, kwamba mlikikata uzi wake asubuhi na jioni ulikuwa mzima. Nilijiona mrefu ndani ya lile duka, nusura nigonge paa.

Mchungaji alisikia, akataka kuiazima barua aifanye mahubiri, kwamba na sisi tushonane tulipokatika. Nilimkatalia. Vijidudu havimjui jirani wala Jumapili. Vinaziba uzi wao kwa sababu visipoziba vinakufa, basi.

Mjomba wako Buberwa ndiye asiyekoma. Anasema mtoto wa Benigna amesomeshwa miaka yote ili achunguze utelezi wa chemchemi ya moto ya Mtagata, wakati huku tunachimba makaburi mpaka majembe yamekwisha makali. Anauliza utelezi huo umemponya nani. Nilimjibu mbele ya wazee wa kanisa, ili ajifunze kuuliza taratibu. Nilisema kuna kijidudu kingine cha maji ya moto kule Amerika, ambacho mfanyakazi wake haungui, na kwa kumtumia huyo madaktari wanaweza kuunakili uzi mara nyingi mpaka kilichojificha kionekane, hata virusi hivi ndani ya damu ya mtoto mchanga. Nikasema wakati kile cha kwanza kinachotwa, pasipo shaka kulikuwa na Buberwa wa Amerika aliyeuliza utelezi umemponya nani. Wazee walicheka. Yeye alivaa kofia akaenda zake.

Mimi sisemi hivyo kwa sababu nimesahau ya mwaka themanini na saba. Nakumbuka kuliko wewe. Tulimpeleka mama yako Mtagata kwa lori, amelala juu ya magunia, kwa kuwa watu walisema maji yale yanatoa kila ugonjwa, na ule wake wakati huo bado waliuita Juliana, kabla neno ukimwi halijazoeleka. Nilimwogesha kwa kibuyu siku tatu. Nawe ulitoka chuoni Dar es Salaam kuja kutusaidia, nikakukuta umechuchumaa pale maji yanapotokea, unatazama utelezi wa kijani na wa rangi ya kutu, unajiuliza kwa sauti kwa nini hauivi. Nilikuchapa kofi la mgongo. Nilisema mama yako anakufa nawe unatazama matope. Mama yako ndiye aliyenigombeza, kwa ile sauti yake iliyobaki. Alisema mwache atazame, anauliza jambo la maana. Hilo hukulisikia, ulikuwa umeshaondoka umenuna. Sasa umelisikia.

Turudi kwenye kilio chako. Pamoja na barua yako kulikuwa na karatasi ya Kiingereza ya mwalimu wako mkuu, ambayo wewe hukuitafsiri, umeandika tu kwamba ameacha kukuamini na kwamba mwisho wa Januari ataliandikia kanisa likate ufadhili. Kwa nini hukuitafsiri? Ulidhani nitaitumia kuwashia moto? Nilimpa Jashoda. Alivaa miwani, akakaa juu ya kreti ya soda, akanisomea sentensi moja Kiingereza, moja Kiswahili.

Alisema mwalimu ameandika kwamba Julai ya mwaka jana ulichota chupa mbili Mtagata, shimo moja, saa moja. Kwamba maji ni yaleyale, kwa hiyo vilivyomo vinapaswa kuwa vilevile. Kwamba walipoyalea maji ya chupa ya kwanza viliota vijidudu vya aina nyingi, vya kawaida kwa maji ya moto, na chako hakikuonekana hata kimoja. Kwamba kwenye chupa ya pili kimeota chako peke yake, safi, bila kingine, na jambo hilo halitokei kwenye maji ya shimoni. Jashoda alishusha miwani kabla ya kuendelea. Mwisho mwalimu anasema haoni sababu nyingine ila kwamba kuna mtu aliyechukua kijidudu kutoka rafu ya chumba chenu akakitia kwenye chupa ya pili, ili apate sifa. Na mtu aliyeshika chupa hizo ni wewe tu.

Jashoda alisema yeye anakujua tangu ukiwa unanunua peremende za shilingi na kurudisha chenji iliyozidi, na mtu huyo hawezi kuiba kijidudu. Alitaka tukae tumwandikie mwalimu pamoja, kwa Kiingereza kikali. Mimi nilimaliza chai yangu, nikasema nawahi gari. Alishangaa, maana hakuna siku nimeondoka pale bila kugombana na shuka. 

Nimekaa na barua yako siku tano. Sasa nasema, na ukishasoma utaona kwa nini nimeanza kwa kukugombeza. Mtu mwenye hatia hupenda kuwahi.

Chupa ya pili niliishika mimi pia.

Unakumbuka ulikwenda Bukoba kungoja kibali na meli, ukachukua chupa ya kwanza uwaonyeshe maofisa, ya pili ukaiacha kwangu ili ikinyang'anywa moja ibaki nyingine. Uliiweka juu ya kabati la vyombo. Ulisema Bibi, isifunguliwe, ndani mna vijidudu hai. Ukaenda siku nne.

Wewe ulikuwa chuoni, hujui nyumba hii iliishije miaka ile. Muuguzi wa kanisa alinifundisha neno moja, chemsha. Nilichemsha shuka za mama yako, nikachemsha za marehemu mjomba wako, za mke wake. Nilikuwa na sufuria kubwa ya kazi hiyo tu, inakaa kwenye kibanda cha nje, haiingii jikoni. Nilichemsha vikombe, vijiko, vitambaa, maji ya kunywa, maji ya kuogea kidonda. Usiku wa kuamkia mazishi nilikuwa nachemsha. Nilijua vijidudu ndivyo vilivyonimalizia watoto, na nilijua dawa yake ni moto. Sasa wewe, msomi wangu, unaniwekea vijidudu hai juu ya kabati, kwenye nyumba yenye yatima wawili, halafu unapanda gari.

Siku ya kwanza niliitazama. Siku ya pili niliitazama zaidi, nikawahamishia watoto chakula nje. Siku ya tatu nikamkuta Klaudia juu ya kiti, ameufungua mfuniko, ananusa, anasema kuna mayai yameoza. Nilimnyang'anya. Nikamsugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka akalia. Kisha nikaichukua chupa, nikaenda kibandani, nikamimina maji yako yote kwenye sufuria ya shuka, na chupa yenyewe na mfuniko nikavitia humohumo, nikawasha moto.

Niliyachemsha kama ninavyochemsha, si kwa kubahatisha. Yalianza kutokota kengele ya shule ya saa nne ilipolia, nikayaepua ilipolia ya saa saba. Nilifunika kwa majani ya mgomba na mfuniko juu yake na jiwe, mvuke usitoke ovyo. Sikuongeza hata tone. Yalipopoa nikayarudisha kwenye chupa, nikaifunga, nikaipangusa, nikaiweka pale ulipoiacha. Uliporudi uliuliza kwa nini maji yamepungua karibu nusu. Nilisema chupa zako za Kizungu zinavuja. Uliniamini, ukaifunga kwa nta, ukaenda nayo.

Nilijua nimeviua. Mwaka mzima ulipoandika kwamba chupa ya pili ina kitu cha ajabu, nilidhani unanionea huruma, au umechanganya chupa. Jashoda alipomaliza kusoma ndipo nilipoona. Vile vingine vya kawaida viliiva kama maharage. Chako kilibaki peke yake kwenye sufuria, kinaziba uzi wake, kwa sababu moto wangu kwake ni hali ya hewa. Na kwenye chupa ya kwanza kimo pia, ila wenzake ni wengi na wana pupa, wamekifunika. Mimi sijasoma, Anatolia, lakini nimepalilia. Mche ukiwa katikati ya magugu huuoni mpaka mtu ang'oe magugu.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ndiyo nzito, na ningeweza kuiacha, lakini nimeshaanza.

Mama yako alipokuwa anaugua hapa ndani, watu waliacha kuchukua akamwani mkononi mwangu. Unajua maana yake. Mgeni akiingia kwa Mhaya anapewa buni za kutafuna, na kuzikataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba si mtu. Waliingia, waliketi, nikawapelekea kikapu kidogo, wakasema meno yanauma. Wanawake niliowazalisha. Niliwahesabu mmoja mmoja, na mpaka leo siwasalimii wanne. Nilijiapia kwamba katika maisha yangu mimi sitamwogopa mtu wa kwangu hivyo.

Siku ile kibandani sikuogopa chupa, mwana wange. Nilikuogopa wewe. Nilisema moyoni kwamba huyu naye ametoka huko nje ameniletea kifo nyumbani. Wewe uliyemwosha mama yako kwa mikono mitupu. Asubuhi ulipoondoka na chupa yako nikafua mto uliolalia, nikauchemsha. Kwa hiyo sina tofauti na wale wanne, ila wao walidanganya kuhusu meno na mimi nikadanganya kuhusu chupa. Nimekuficha mwaka na miezi minne. Ndiyo maana uko huko unaitwa mwizi.

Sikuombi unihurumie. Nina miaka sabini na moja, nimezika watoto watatu, nimebaki na mmoja mwenye kofia, na katika ukoo huu wote aliyegundua jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua ni wewe. Nikipita barabarani natembea kama mwenye gari. Sitakubali kiburi changu hicho kiharibiwe na sufuria yangu mwenyewe.

Datius na Klaudia wanakusalimu. Jashoda anakusalimu, na anasema ukimaliza umletee jiwe la nchi hiyo la kuwekea karatasi. Mjomba wako hajatuma salamu, lakini aliuliza kama barua imefika, kwa hiyo hesabu kwamba amekusalimu.

Sasa sikiliza, nami sisemi mara mbili. Futa uso. Keti utafsiri barua hii yote kwa lugha ya mwalimu wako, usiruke mahali, hata pale nilipokuogopa. Mpelekee mkononi. Umesema maji yaliyobaki ya chupa ya kwanza ameyafungia kabatini kwake na ufunguo anao yeye, wewe huruhusiwi kuyagusa. Vizuri sana, usiyaguse. Ayatoe yeye, ayatie kwenye chombo chake, ayachemshe kwa mkono wake kwa muda wa saa tatu kamili, amefunika, asiongeze tone. Yakipoa, kitakachobaki akilee yeye mwenyewe, wewe ukiwa umesimama mlangoni mikono nyuma. Akikiona, akuombe radhi kwa maandishi na nakala ije Miembeni. Asipokiona, mwongo ni mimi, aniandikie mimi. Kwa vyovyote, usifungashe hata soksi mpaka sufuria yake iwe imeepuliwa.

Ni mimi bibi yako,
Kokubanza